Nilimwazima Nabintu Wafu Wangu

Nina miaka themanini na mbili, au zaidi kidogo, maana siku niliyozaliwa haikuandikwa popote. Shule niliiacha darasa la pili. Lakini majina ya watu sisahau... na hapo ndipo dhambi yangu ilipoanzia.

Nilifika kambi ya Dzaleka, huku Malawi, katikati ya miaka ya tisini, nikitoka kando ya Bukavu, Kongo. Nilipohojiwa nilitaja nyumba yangu iliyochomwa na watu saba niliowazika: mume wangu Cirhuza, shemeji zangu Mushagalusa na Bisimwa, Mama Furaha jirani, na watoto wangu Chantal, Innocent na Byamungu. Nikapewa karatasi ya ukimbizi.

Miezi michache baadaye akaja Nabintu, binti wa marehemu kaka yangu Zihalirwa. Alikuja peke yake, na mimba asiyotaka kuisemea. Kwetu mambo ya mwili wa binti husikilizwa na shangazi, hayafiki kwa wanaume. Basi siku moja tukitwanga sombe, majani ya muhogo, kwenye kinu, akaniambia yote ambayo askari walimtendea njiani. Nililia naye.

Siku yake ya kuhojiwa ikakaribia. Akaniuliza, "Shangazi, niseme vile ilipita?"

"Mbele ya banaume bale?" nikamjibu. "Kabongo mkalimani anakaa nyumba ya tatu kutoka hapa. Kesho watu wote wa bombani watakuimba."

"Sasa nitasema nini?"

"Sema yangu. Wafu wangu sasa njo wafu wako."

Nikamfundisha kama katekisimu. Nani alilala mlangoni, nani jikoni, hata mbuzi aliyebaki amefungwa kambani. Nilijiona shangazi mwema. Nilikuwa naficha aibu ya ukoo, au nilikuwa namzika mtoto wa kaka yangu akiwa hai?

Alisema vizuri mno. Lakini Kabongo ndiye aliyetafsiri hata mimi nilipohojiwa, akayatambua maneno yangu mwenyewe: watu wale wale saba, kwa mpangilio ule ule... na mbuzi yule yule. Jibu likarudi kwamba ombi limekataliwa, habari si yake.

Ikabaki rufaa. Lilongwe, kule City Centre, alikuwepo Madamu Tiyamike, mwanamke aliyesaidia wakimbizi kuandika rufaa. Alitutoa sote chumbani akabaki na Nabintu, na huko mtoto akasema ukweli wake. Madamu akauandika. Kisha akaniita, akanieleza kwamba limebaki jambo moja tu: nije mbele ya kamati niseme kuwa ule uongo wa kwanza niliufundisha mimi. Bila hivyo wataona hata ukweli huu wa sasa ni wa kuazima. Nikakubali.

Siku ya kamati tulipanda minibasi, Nabintu na kichanga chake Neema mgongoni. Alinunua andazi moja, akalikata, akanipa kipande kikubwa.

Mle chumbani mzee mmoja akaniuliza kama ni mimi niliyemfundisha. Nikaliona faili langu juu ya meza, jina langu juu yake. Nikafikiri, wakijua nimesema uongo kwa ajili ya mwingine, si watalifungua na langu? Watanirudisha wapi mimi?

Nikasema, "Hapana, bwana. Sijui alikoyatoa."

Nabintu aligeuka akanitazama. Hakulia.

Huko nje alinisemesha mara moja tu. "Nilikwambia we wa kwanza, mbele ya bantu bote. Heri ningeambia kinu."

Rufaa ikaanguka. Juma halikuisha, akaondoka na mtoto. Kuna aliyewaona kwenye mji mdogo wa Madisi, wakipanda lori. Baada ya hapo... hakuna tena.

Na lile faili langu? Hakuna aliyewahi kulifungua. Niliogopa kitu ambacho hakikuja.

Nyinyi mama na mashangazi mnaosoma haya, nawasihi. Msimfundishe mtu maumivu yenu akaacha yake. Habari ya mtoto, hata iwe na aibu namna gani, ndiyo karatasi yake ya kweli, mwacheni aiseme kwa kinywa chake. Na ukiitwa umshuhudie, usitazame faili lako.

Kanisani siku ya kuombea marehemu, huwataja wale saba kwa mpangilio bila kukosea. Nabintu na Neema... hata leo sijui niwataje kwa walio hai au kwa waliokufa.