Damu Aliyoificha Leodgar

Leodgar na mkewe Ursula wanaishi Suguti. Wanalima mihogo na mtama. Kila asubuhi huenda shamba pamoja, wakitaniana njiani.

Siku moja Ursula alimkuta mumewe nyuma ya nyumba akifua suruali.

"Baba Gloria, wewe na kufua wapi na wapi?"

Leodgar alilivuta beseni nyuma yake. Ursula akaona maji ya beseni yamekuwa mekundu.

"Natokwa damu nikienda choo," Leodgar alisema polepole. "Ilianza wakati wa palizi. Ni bawasiri tu. Nakunywaga mizizi."

Ursula hakumgombeza. Alichuchumaa, akaichukua ile suruali, akaifua mwenyewe.

"Tunaenda kwa Nyamburi," alisema.

Nyamburi ni jirani yao, muuguzi wa zahanati. Alimsikiliza Leodgar bila kucheka.

"Shemeji, huenda ni bawasiri. Huenda pia ni uvimbe ndani ya utumbo mpana. Hapa siwezi kujua. Nenda hospitali Musoma ukapimwe."

"Na kama ni saratani?"

"Ikigunduliwa mapema, inatibika vizuri zaidi. Ukiificha, inakua."

Musoma walifikia kwa binti yao Gloria, mtaa wa Kamunyonge. Leodgar alipewa dawa ya kusafisha tumbo kabla ya kipimo. Mchana kutwa alikimbilia chooni.

"Kumbe bado una mbio!" Ursula alimtania. Leodgar alicheka, ingawa aliogopa.

Kesho yake daktari Diana alimwingizia mrija mwembamba wenye kamera kupitia njia ya haja kubwa. Aliona uvimbe mdogo kama haragwe. Akautoa wote, akaupeleka maabara.

"Ni saratani?" Ursula aliuliza.

"Bado sijui, mama. Kuna uvimbe wa saratani na uvimbe usio saratani. Kwa nje unaweza kufanana. Maabara wanakata kipande chembamba, wanakipaka rangi, wanatazama chembe zake kwa hadubini. Ndani ya chembe hizo kuna vimeng'enya. Ni vitu vidogo sana vinavyoendesha kazi za mwili, kama vile kusaga chakula. Uvimbe ukiwa wa saratani, baadhi ya vimeng'enya huzidi, vingine hupungua. Kuviangalia kunaweza kuwasaidia wataalamu kuutambua."

Wakasubiri majibu. Leodgar alikuwa akiacha ugali nusu.

"Mama Gloria, nikiondoka, usiliuze lile shamba la bondeni."

"Utalilima mwenyewe," Ursula alijibu. "Mimi bado sijachoka na wewe." Kisha akageuka ukutani, akafuta macho.

Siku ya majibu, daktari Diana alitabasamu kabla hawajaketi.

"Mzee, si saratani. Lakini uvimbe wa aina hii ukiachwa miaka mingi, unaweza kugeuka saratani. Sasa tumeutoa. Utarudi kupimwa tena. Waambie ndugu zako wa damu nao waje wapate ushauri."

Ursula alimkumbatia mumewe palepale mbele ya daktari. Leodgar aliona haya, lakini hakujitoa.

Damu ilikoma. Waliporudi Suguti, Jumapili baada ya sala ya jumuiya, Leodgar alisimama.

"Ndugu zangu, nilikuwa natokwa damu chooni. Niliona aibu kusema. Ukiona damu, au choo chako kikibadilika, au unakonda bila sababu, usikae nyumbani. Nenda ukapimwe."

Watu waliinamisha vichwa. Walipotawanyika, mdogo wake Silasi alimfuata hadi kwenye uzio wa katani.

"Kaka," alisema kwa sauti ya chini, "hata mimi."

Leodgar alimshika bega.

"Asubuhi nakupitia. Tunaenda wote."