Kamio Iliyokosa Hewa

Katungu alikuwa na kazi moja ngumu kuliko zote. Kila kamio yao, lori la mizigo, ilipofika mlimani, alishuka na kuifuata kwa miguu, gogo begani. Motere, injini yake, ikishindwa na kamio ikianza kurudi nyuma, alilitupa gogo chini ya gurudumu. Mumewe, Zorobabel, alikuwa shofere. Yeye alikuwa mtu wa gogo.

Nyumba yao ilikuwa Vulamba, Butembo. Walinunua viazi na kabichi Alimbongo, wakauza Butembo, na zilizobaki wakazipeleka Beni. Ulikuwa mwaka 1966. Waasi walikuwa wameondoka, lakini uchovu wa vita ulikuwa bado mwilini mwa watu. Barabara ilijaa mashimo, na kwenye kila kizuizi askari walitaka kuona karatasi. Katungu alikuwa na miaka thelathini na minne tu, lakini magoti yake yalimuuma kama ya bibi kizee.

Wakati wa vita Zorobabel aliificha kamio katika mianzi, ikakaa huko mwaka mzima. Alipoitoa, alikuta bomba linaloingiza hewa kwenye motere limeoza kwa kutu. Akatafuta mpira mwembamba wa pampu ya maji, akaukunja mara mbili ili utoshe, akaufunga kwa waya. Motere iliwaka. Zorobabel akamshukuru Mungu, na hakufikiria tena habari ya bomba.

Tangu hapo kamio haikuwa na nguvu. Ilitoa moshi mweusi na kunywa mazutu, yaani dizeli, kupita kiasi. Zorobabel alisema ni uzee. Wakapunguza mizigo, lakini haikusaidia. Kabichi zilifika Beni zimenyauka.

Siku moja ya mvua, katika mlima mmoja karibu na Alimbongo, kamio ilitetemeka, ikasimama, kisha ikaanza kurudi. Breki hazikushika. Katungu akatupa gogo, lakini gogo likateleza kwenye tope. Akajirusha mtaroni. Gurudumu likapita pale miguu yake ilipokuwa, na kamio ikaegemea ukingo wa barabara.

Zorobabel alishuka mbio. Katungu alikuwa amekaa kwenye tope. Hakulia. Alisikia uchovu tu, uchovu mkubwa.

"Baba Emérence," alisema, "mimi sibebe tena ile gogo. Nimechoka kufa kidogo kidogo."

Emérence alikuwa mtoto wao wa kwanza, aliyebaki nyumbani na bibi yake. Zorobabel akainamisha kichwa.

Wakiwa bado hapo, gari la askari lilitokea na kusimama. Katungu akainuka haraka, akasimama mbele ya magunia ya viazi, akihofia yangechukuliwa. Lakini aliyeshuka alikuwa sajenti mmoja mwenye mikono ya mafuta, fundi wa magari ya jeshi, jina lake Hippolyte. Alitoka mbali, jimbo la Équateur, na alikuwa na macho ya mtu asiyelala vizuri. Hakuuliza kuhusu magunia. Aliuliza kuhusu moshi.

"Iko rangi gani?"

"Nyeusi," Katungu akajibu. "Na ku mulima njo inazidi."

Hippolyte akafungua kapo, kifuniko cha motere. Akaushika ule mpira, akamtazama Zorobabel, akautazama tena mpira. Kisha akakata tete lenye tundu kando ya barabara, akampa Katungu. Akamwomba azibe pua, avute hewa kwa tete tu, apande mlima hatua ishirini.

Katungu alifika hatua ya tisa. Kifua kilimbana, akalitupa tete na kuhema.

"Donc umesikia," Hippolyte akasema. "Motere nayo iko vile. Mazutu peke yake haiwake, inaomba hewa. Hewa ikikuwa kidogo, mazutu inatoka bila kuungua muzuri. Njo ile moshi nyeusi."

Akawaonyesha kosa la pili. Mdomo wa mpira ulikuwa nyuma ya radiateri, mahali pa joto. Hewa ya moto ni nyepesi, na hewa ya milima mirefu tayari ni nyepesi. Motere ilikuwa inavuta hewa kidogo, tena dhaifu.

Zorobabel akasema basi ataondoa kila kitu, mpira na filtre, lile chujio la hewa, ili motere ivute itakavyo.

"Hapana," Hippolyte akasema. "Filtre inashikaka vumbi. Ukiitosha, vumbi itakula motere, na hii kamio utaizika."

Askari wakasaidia kusukuma kamio, kisha wakaenda zao.

Mjini Butembo, Zorobabel na Katungu walikwenda mtaa wa Mususa kwa Ananie, fundi wa bati. Zorobabel alikuwa amepima kwa kamba upana wa mdomo wa motere. Ananie akatengeneza bomba la upana huohuo kwa bati la pipa. La kwanza lilikuwa na kona kali kama kiwiko. Katungu alilikataa. Alisema hewa itajikwaa pale. Ananie alinung'unika, lakini akalitengeneza upya, fupi, laini ndani, lenye mpindo wa taratibu. Mdomo wake waliuweka juu kando ya kabini, mbali na joto na vumbi, na wakaufunika kofia ya bati kwa ajili ya mvua.

Viungo walivikaza kwa vipande vya mpira wa tairi. Wakasafisha filtre na kubadilisha mafuta yake yanayonasa vumbi. Mwishoni wakawasha motere, wakaziba mdomo wa bomba kwa ubao. Motere ikazimika. Hapo walijua hakuna tundu la pembeni linaloingiza vumbi.

Wiki iliyofuata, kamio ikiwa imejaa, ilipanda ule mlima bila kusimama. Moshi ulikuwa mwepesi. Katungu alikuwa ndani, kichwa kwenye dirisha, nusu usingizini. Mazutu yaliyokuwa yakiishia Butembo sasa yaliwafikisha Beni, na kabichi zilikuwa bado mbichi.

Karibu na Beni walikuta kamio nyingine imekwama, imezungukwa na moshi mweusi. Wasafiri walikuwa wamekaa kwenye majani. Zorobabel alitaka kupita, maana jua lilikuwa kali na njaa inauma. Katungu akamgusa mkono, asimame.

Akashuka, magoti yakimuuma, akamwendea yule shofere.

"Fungua kapo, ndugu yangu," akamwambia. "Tuone hewa inapitia wapi."