Uso Uliokatwa Kwenye Picha

Mvua ilipoanza, Hadidja hakukaa chini. Alisogeza sanduku la picha kutoka pembe hii ya chumba mpaka ile, kisha akalirudisha. Bati lilivuja kila mahali. Sanduku lile aliachiwa na baba yake, Mzee Masudi, aliyekuwa mpiga picha hapa mtaa wa Kasuku, mjini Kindu, Kongo, kabla ya vita na wakati wa vita. Picha zilikuwa zimeanza kuota ukungu.

Juma lile Hadidja alizipiga zote kwa simu, haraka haraka. Alijiona amemaliza kazi. Zilibaki negatifu, zile filamu nyeusi. Kesho angezitupa.

Ndipo akaingia msichana aliyelowa chapachapa. Aliitwa Bénie, ametoka Kalima kwa pikipiki. Alitoa picha kwenye mfuko wa nailoni. Pichani palikuwa na mwanamume, mtoto mchanga, na mwanamke asiye na uso. Mahali pa uso palikuwa na tundu.

"Huyu njo mama yangu," Bénie alisema, akionyesha tundu. "Wakati wa vita baba alikata uso wake, abandike kwenye karatasi ya safari. Mama alienda, hakurudia tena. Mutoto huyu njo mimi. Sijui mama alikuwa na sura gani. Walisema Mzee Masudi njo alipiga picha hii."

Hadidja akafungua simu. Picha zilikuwa mamia, na kila moja ilikuwa na namba tu. Alisukuma kwa kidole, akasukuma, mpaka simu ikazimika.

"Ngoja kwanza, mutoto wangu," alisema, akatoka mbio kwenye mvua kumwita jirani yake Josiane, mtunza kumbukumbu wa redio moja ya mjini.

Josiane alikuja na kompyuta chini ya koti, akasikia habari yote.

"Yaya Hadidja, dada yangu, uliharakisha," alisema. "Mbele ya kupiga hata picha moja, jiulize: nani atakuja kutafuta, na atatafuta kwa neno gani? Bénie hajui namba. Anajua jina, familia, fasi walitoka, kijiji chao. Hayo njo ya kuandika kwenye kila picha."

"Na hizi nyeusi? Nilitaka kuzitupa."

"Kutupa? We! Karatasi inakatwa, negatifu inabakia nzima. Kama mzee alipiga picha hii, uso iko humu."

Hadidja alishika kichwa. Aliogopa jambo alilokaribia kulifanya.

Josiane aliitazama tena picha ya Bénie. Nyuma ya watu palikuwa na pazia lililochorwa ndege.

"Pazia hili liko wapi?"

"Askari walilibeba vita ilipofika. Kisha baba alipigia watu picha ukutani."

"Basi tutafute kwenye za pazia. Hilo nalo tutaliandika: pazia au ukuta."

Walizitenga. Kila negatifu ya pazia waliiweka mbele ya mwanga mweupe wa kompyuta. Bénie alikaa, akasimama, akakaa tena. Ghafla Hadidja akapiga kelele. Mwanamume, mtoto, bawa la ndege, na mwanamke mwenye uso! Josiane akaipiga picha kwa simu yake, akageuza weusi kuwa weupe.

Mwanamke alikuwa anacheka. Bénie aligusa meno yake ya mbele.

"Kumbe mwanya huu ni wake," alisema, akalia.

"Jina lake?" Hadidja aliuliza kwa upole.

"Yvette."

Akaandika: Yvette, Kalima, pazia la ndege, kabla ya vita.

"Sasa tuweke nakala," Josiane alisema. "Moja kwenye kompyuta, moja kwenye diski, moja kwa ndugu ng'ambo ya mto. Moja ikiharibika, zingine zinabakia. Na picha ya mutu haionyeshwi bila ruhusa ya familia."

Siku hizi negatifu za Mzee Masudi zinakaa pakavu, ndani ya mkebe wa bati wenye kifuniko. Mtu akija kwa Hadidja hutaja jina au kijiji, na mara nyingi huondoka na picha ya wazazi wake. Hadidja bado hakai chini, lakini sasa anajua anachokitafuta.

Siku ile, kabla Bénie hajapanda pikipiki, Hadidja alimuuliza kama watu wengine waruhusiwe kumwona Yvette.

"Waonyeshe wote, yaya," Bénie alijibu. "Labda kuna mutu alimuona njiani."

Hadidja akarudi kwenye kompyuta. Mbele ya jina la Yvette akaongeza neno moja: anatafutwa.