Jumapili Saa Nane

Kila asubuhi kabla ya kengele, wanafunzi wa shule ya kijiji, kisiwani Savai'i, huokota majani uani, hunawa mikono, kisha huingia maktaba kufungua kompyuta. Jumanne moja Telesia ndiye aliyetangulia kuketi. Aliandika jina lake, akaandika nywila yake mpya. Kompyuta ikamkataa.

"Umeshasahau, wewe," Pita alimcheka. Alipojaribu ya kwake, naye akakataliwa. Haukupita muda, darasa zima likawa limekwama.

Masina, fundi wa kompyuta kutoka mji mkuu, Apia, alikuna kichwa. Jana yake, Jumatatu, alikuwa ameziba kasoro kwenye seva, ile mashine inayotunza majina na nywila za shule nzima. Alimpa kila mtu nywila ya muda, na mchana wanafunzi wakapanga foleni kwenye kompyuta ya dirishani, wakaweka nywila zao wenyewe. Usiku seva ilitakiwa kuzilinganisha katika mifumo yote, maktaba, barua pepe na matokeo, ili mtu atumie nywila moja tu kila mahali. Zikipingana mbili, yenye tarehe ya karibuni ndiyo inayobaki.

"Nywila za muda zimefuta zenu," alisema Masina, akisoma kumbukumbu za seva. "Ajabu. Hapa inasema za kwenu mliziweka Jumapili, saa nane mchana."

Darasa likaangua kicheko. Jumapili saa nane kijiji kizima huwa kimetoka kanisani, kimekula kikashiba, na kimelala. Anayefanya kazi saa hizo huitwa mbele ya wakuu wa kijiji.

Mwalimu mkuu, Bwana Fereti, aliyekuwa ameingia kuona kulikoni, hakucheka. Ufunguo wa maktaba ulikuwa mmoja tu, nao ulining'inia shingoni mwa mzee Uele, mlinzi wa shule. Akamwita.

"Uele, Jumapili ulimfungulia nani?"

"Sikumfungulia mtu, mwalimu. Nilikula magimbi yangu nikalala. Muulize mke wangu, anasema nilikoroma mpaka kuku wakahama."

"Mashine itakusingizia ili ipate nini? Nipe ufunguo. Jioni utajieleza kwa wakuu."

Uele aliuvua ufunguo alioutunza kwa miaka kumi na tisa. Akaukabidhi, akageuka kuondoka.

Telesia aliitazama kompyuta ya dirishani. Wiki iliyopita insha ya historia ilitakiwa Alhamisi, naye aliimaliza Ijumaa. Akamkumbuka dada yake anayeishi Pago Pago, ng'ambo ya mstari wa kimataifa wa tarehe, ambako saa ni zile zile za Savai'i lakini siku iko nyuma kwa moja. Basi akaipanga kompyuta ya dirishani kana kwamba iko Pago Pago, na insha aliyoituma kwa barua pepe ikaonyesha tarehe ya Alhamisi. Alipewa alama kumi na nane kati ya ishirini. Hakuirudisha kompyuta ilivyokuwa, na kwa kuwa saa zilikuwa sawa, hakuna aliyegundua.

Angeweza kunyamaza. Nani angejua? Lakini Uele alikuwa ameshafika mlangoni, anapapasa kifua mahali ufunguo ulipozoea kukaa, na Telesia akaona aibu kubwa.

"Mwalimu, hakuna aliyekuja Jumapili," alisema akiwa amesimama. "Ni mimi." Akaeleza yote, hata habari ya insha.

Masina aliikagua kompyuta ya dirishani. "Kweli, iko Pago Pago. Jumatatu yenu iliandikwa Jumapili, ndiyo maana nywila zenu zikaonekana za zamani. Na mimi nina kosa langu. Sikupaswa kuiacha seva iamini tarehe ya kila kompyuta." Akarekebisha tarehe, akaibadili seva ifuate saa yake yenyewe, na wanafunzi wakaweka nywila upya. Safari hii hakungoja usiku. Alizilinganisha papo hapo, na Pita akawa wa kwanza kuingia.

"Insha ile ni sifuri," Bwana Fereti alimwambia Telesia.

"Ndiyo, mwalimu."

Kisha akamrudishia Uele ufunguo, akainamisha kichwa mbele ya darasa zima. "Nimekukosea, mzee. Niwie radhi."

Uele aliuvaa ufunguo, akamgeukia Telesia. "Mjukuu wangu, ungesema Ijumaa kwamba umechelewa, ungepunguziwa alama mbili tatu, basi. Uliponyamaza, kosa lako likaja kuniangukia mimi, mtu mzima, mbele ya watoto. Kosa liseme siku ile ile, kabla halijamfikia mwingine."

"Nisamehe, babu," Telesia alisema, machozi yakimtoka.

"Nimeshakusamehe. Ulisimama mwenyewe, hukusukumwa." Mzee alifikiri kidogo. "Kesho njoo mapema. Nitakupa huu ufunguo, wewe ndiye utakayefungua maktaba."