Mishono Iliyoachiwa Kimyakimya

Sketi ilimvuka Bonge kwenye foleni ya benki, saa ambayo watu wamejaa mpaka mlangoni. Haikufika chini, tumshukuru Mungu. Aliidaka nyongani, mkoba ukamponyoka, akabaki ameishikilia sketi yake kwa mikono miwili. Kuokota mkoba hawezi, kusogea hawezi.

"Dada, usigeuke," sauti ya kiume ikasema taratibu nyuma yake. "Mimi fundi cherehani. Nina pini."

"Pini zitoke wapi benki?"

"Ziko kwenye kola ya shati. Kila siku nasahau kuzitoa. Ila itabidi nikushike kiuno."

"Kaka yangu, mimi hapa nakaribia kubaki na shimizi, wewe unaomba ruhusa? Shika!"

Akakunja kitambaa mgongoni, akabana pini, akamwokotea mkoba. Bonge alipogeuka alimkuta mwanaume mrefu, mwembamba, shati la samawati limemkaa sawasawa mabegani, futi ya kupimia inaning'inia shingoni. Hata hiyo alikuwa ameisahau.

"Sketi imekukataa," fundi akasema.

"Mimi ndiye niliyeikimbia. Na mbio zake usiniulize."

Aliulizwa. Na Bonge, ambaye hakutegemea kumwona tena mtu huyu maishani, akamweleza yote palepale, foleni inasogea kwa kujikongoja.

Jina la Bonge alipewa na baba yake mdogo hata meno hajaota, likamganda. Kazi yake ni uuguzi, kliniki ya watoto, na kutwa nzima anaweka vitoto vya watu kwenye mzani. Alimwambia fundi jinsi alivyokuwa akifika kwenye shughuli anaangalia viti kwanza: vikiwa na mikono, basi siku hiyo "amekaa sana, bora asimame". Poda ya watoto aliyokuwa akinunua haikuwa ya mtoto yeyote, ilikuwa ya mapaja yake. Alikuwa anakula amesimama jikoni, mlango wa friji wazi, maana kwa hesabu zake chakula cha kusimama hakimo. Mpaka magoti yakagoma kupanda ngazi, presha ikapanda yenyewe, daktari akamwambia bila kupepesa macho kwamba akiendelea hivyo hatazeeka. Akaanza kutembea alfajiri. Akapunguza sahani, akalia, akamtukana kila aliyevumbua mboga za kuchemsha. Kidogo kidogo mwili ukamwondoka.

"Umepungua kilo ngapi?"

"Sijui. Mzani sipandi."

"Muuguzi mzima hupandi mzani?"

Bonge akasogea hatua moja na foleni. "Nikiwa shule walikuja kutupima. Mshale ukafika mwisho, ukakwama. Mwalimu akanipeleka stoo, kwenye mzani wa magunia, darasa zima linatufuata, akasoma kwa sauti. Tangu siku hiyo sitaki. Nguo ndizo zinazoniambia. Nguo haina huruma, haina kejeli. Ikibana, imebana."

Fundi hakucheka. "Basi zilete hizo nguo," akasema. "Nitakupunguzia."

Akampunguzia sketi ile, akampunguzia gauni la njano na sare za kazi. Kila Bonge akienda, fundi anapitisha futi kiunoni pake, na siku moja futi ikakaa pale kuliko inavyohitajika.

"Fundi, hujamaliza kupima?"

"Nimemaliza zamani."

"Sasa?"

"Naogopa kuachia."

Bonge alicheka mpaka akajishikiza kwenye meza ya kukatia. Simu zikaanza kuanzia siku hiyo. Fundi anapiga mchana, cherehani inanguruma nyuma yake.

"Malkia, umekula?"

"Si umeniuliza asubuhi?"

"Jibu silitaki mimi. Nataka sauti."

Sasa nikwambie kitu ambacho watu hawakisemi: mapenzi yananenepesha. Ile alfajiri ya kutembea ikawa alfajiri ya kujifunika shuka na kunong'ona kwenye simu. Mvua nazo zikaja. Mwenzake kazini akaenda likizo ya uzazi, zamu zikawa mbilimbili, na Bonge akarudi kwenye friji lake, amesimama vilevile. Lakini hakuwa na wasiwasi, kwa sababu nguo zilikuwa zinamkaa. Kila Ijumaa aliziacha kwa fundi zipigwe pasi, na kila Jumatatu zilimkaa vizuri.

Ikafika siku ya kwenda kutambulishwa kwa mama yake fundi. Bonge akasema leo navaa sketi ya benki. Tangu ipunguzwe alikuwa ameitunza kabatini kama kumbukumbu, hajaivaa hata mara moja. Akaipandisha. Zipu ikafika nusu. Akavuta pumzi. Akalala chali kitandani, kama zamani. Zipu ikagoma kabisa.

Akavua, akakaa. Gauni la njano lilikuwa linaning'inia pale mlangoni, na juzi tu lilimkaa bila shida. Akaliteremsha, akaligeuza ndani nje. Pembeni mwa mshono mpya kulikuwa na mstari wa vitobo vidogo vya sindano, pale uzi wa zamani ulipofumuliwa. Akageuza sare. Vitobo. Akageuza sare nyingine, akakuta imefumuliwa na kushonwa upya zaidi ya mara moja.

Akapiga simu.

"Malkia! Uko tayari? Mama ameshaanza kuchungulia dirishani."

"Umeachia mishono ya nguo zangu?"

"Niliona zinaanza kukubana," fundi akasema. "Ulikuwa umechoka na zamu zile, mpenzi. Sikutaka uumie."

"Siku ile benki nilikwambia nini?"

"Kwamba nguo ndizo zinazokuambia."

"Kitu kimoja tu kilikuwa kinanieleza ukweli, na wewe ukakifundisha uongo. Yule mwalimu alinidhalilisha, lakini hakunidanganya. Mwambie mama yako siji."

Akakata simu. Akalia, na sitakuficha, alilia amesimama jikoni, mlango wa friji wazi. Hakula. Hilo nalo lazima lisemwe.

Dada yake mkubwa alipopata habari akashika kiuno. "Wenzio wanafichwa nyumba ndogo, wewe umefichwa uzi! Hebu niambie, mdogo wangu, unataka mwanaume wa namna gani?"

"Namtaka ninayeweza kumuuliza, akaniambia."

Jumatatu, kabla kina mama hawajafika na watoto wao, Bonge aliingia chumba chenye mzani wa wakubwa, akafunga mlango, akavua viatu, akapanda mzani. Alifumba macho kwanza. Alipoyafumbua, namba ilikuwa pale, imetulia. Alikoanzia alikujua kutoka kwenye faili la daktari, aliyempima kwa lazima yeye akiwa amefumba macho: sketi ilishasema kilo kadhaa zimerudi, lakini mzani ukasema bado yuko mbali na kule. Akashuka, akavaa viatu, akaenda kufungua mlango wa kliniki. Kesho yake alfajiri alikuwa barabarani, anatembea, amevaa kofia ya mvua.

Simu za fundi hakupokea. Basi fundi akaja mwenyewe kliniki. Alikaa kwenye benchi katikati ya kina mama, kifurushi cha kitambaa mapajani.

"Baba, wa kwako ana miezi mingapi?" mama mmoja akamuuliza.

"Wa kwangu bado hajamaliza kushonwa, mama."

Benchi zima likaangua kicheko. Zamu yake ilipofika, alikifungua kifurushi mbele ya Bonge. Lilikuwa gauni la zambarau, limeshikizwa kwa uzi mwekundu tu.

"Sijapitisha cherehani," akasema. "Futi hii hapa. Jipime mwenyewe, uniambie nishone wapi. Mshono wako sitaugusa tena bila wewe kujua."

"Kwa nini hukuniambia tu, Fundi?"

"Niliogopa ukihuzunika utaacha kuja. Nilikuwa najifikiria mimi, nikajidai nakufikiria wewe. Nisamehe."

Bonge alimtazama. Hasira ilikuwa imebaki kidogo, na hamu ya kumwona ilikuwa nyingi. Akachukua futi, akaipitisha, lakini si kwenye kiuno chake. Akaizungusha kwenye kiuno cha fundi.

"Na wewe umeongezeka!"

"Sasa niseme nini? Tulikuwa tunakula pamoja."

Kina mama wakapiga makofi. Bonge akainama, akamnong'oneza sikioni namba ambayo hakuwahi kumtajia mtu yeyote, hata dada yake. Fundi hakupepesa macho.

"Nimesikia," akasema. "Ahsante kwa kuniambia." Kisha akaushika mkono wake wa kushoto. "Na hiki kidole, naruhusiwa kukipima? Sonara anataka kujua."

Kina mama wakasogea ukingoni mwa benchi.

"Na kikinenepa?"

"Tutarudi kwa sonara wote wawili, na wewe ndiye utakayesema lini."

Machozi yalikuwa yameshamfika Bonge kidevuni. Akanyoosha mkono, vidole vimetanuka, mbele ya watu wote wale.

"Pima," akasema. "Lakini soma kwa sauti."

Fundi akakizungushia futi kidole kile, akasoma kwa sauti, na chumba kizima kikasikia.