Simu Isiyoogopa Unga

Mwenye mashine ya kusaga pale sokoni watu walimwita Mama Unga, na jina lilimkaa sawasawa. Alikuwa na unga kwenye nyusi, unga masikioni, unga mpaka kwenye kope. Akipiga chafya, waliokuwa karibu walirudi nyuma. Kila asubuhi alifungua kibanda, akawasha mashine, na kuanzia hapo hakuna aliyesikia neno la mwenzake. Wateja walizungumza naye kwa vidole. Kidole kimoja maana yake koboa kwanza. Viwili, saga hivyo hivyo.

Simu yake aliiweka kwenye mfuko wa mbele wa aproni, ikalala juu ya paja. Katika kelele ile mlio haukusikika, basi alisikia kwa paja. Simu ikitetema, alizima mashine na kutoka nje kuongea. Na aliyempigia mara nyingi alikuwa mama yake mzazi.

Mama huyo alikuwa amepooza upande wa kushoto. Akili yake ilikuwa timamu, na ulimi wake ulikuwa mkali kuliko hata zamani. Alikaa nyumbani, mwendo wa dakika saba tu kutoka kwenye mashine, na simu yake ndogo ya vibonye aliivaa shingoni kwa kamba. Akitaka kugeuzwa, au kupelekwa chooni, au kugombana tu na mtu, alibonyeza namba moja kwa muda mrefu na binti yake alipigiwa.

Siku moja saa nne asubuhi mama aliteleza kutoka kitandani akaanguka. Akapiga simu. Akapiga tena, na tena, mara kumi na nne. Kila mara aliambiwa namba ile haipatikani. Kule kwenye mashine, Mama Unga alikuwa akisaga magunia ya mtu mmoja mwenye haraka, na paja lake halikusikia kitu. Simu ilikuwa imekufa mfukoni bila yeye kujua.

Saa nane alipokwenda nyumbani na chakula, alimkuta mama yake sakafuni, shavu juu ya saruji.

"Umekuja kufagia, au umekuja kunitazama?" mama akauliza. Sauti ilikuwa imemkauka.

Mama Unga akamwinua, akampangusa, akampa maji kidogo kidogo. Kisha akatoka uani akalia. Alilia kwa hasira zaidi kuliko kwa huzuni.

Jioni kaka yake akafika. Huyu alikuwa karani ofisini, mtu wa mashati yaliyopigwa pasi na simu zinazong'aa. Ndiye aliyemnunulia dada yake simu zote. Alisimama mlangoni, akaitazama ile maiti ya simu mezani.

"Simu ya tatu ndani ya mwaka mmoja," akasema. "Dada, mkono wako mzito."

"Mkono huu unaendesha mashine kila siku, na mashine haijafa."

"Sikia. Mambo hayawezi kuendelea hivi. Ama ufunge mashine ukae na mama, ama mama aje kwangu."

"Mimi si gunia," mama akasema kutoka kitandani. "Sibebwi nikatupwa kona nyingine. Hapa ndipo kwangu."

Kaka akashusha pumzi. "Haya. Nitaleta simu moja zaidi, ile mpya yenye mgongo wa kioo. Ikizima hata mara moja, mama anaondoka."

"Simu nitachagua mimi," Mama Unga akasema.

Kaka akacheka. "Wewe unajua nini kuhusu simu?"

"Sijui. Lakini nitajua kabla yako."

Kesho yake alizifunga simu zake tatu zilizokufa kwenye kitambaa, akaenda kwa fundi simu. Fundi huyu alikuwa mwanamke mwembamba mwenye meza ndogo pembeni mwa duka la vitabu. Watu walimwita Kibano, kwa sababu kibano chake cha kushikia vitu vidogo hakikutoka vidoleni hata alipokuwa akinywa chai.

"Sikuja kutengeneza," Mama Unga akamwambia. "Nataka uniambie zimeuawa na nini."

Kibano akamtazama, akavuta kiti cha pili. Ombi lile lilimpendeza. Watu wote wengine walitaka tu simu iwake.

Akaanza na ya kwanza, iliyopasuka kioo. "Hii ilianguka?"

"Ilianguka sakafuni mara moja tu. Nilikuwa nainua ndoo."

"Tazama kioo chake kilivyopindika pembeni. Kinapendeza, lakini ndicho kinachotangulia kufika chini. Sasa tazama hii yangu." Akatoa simu yake, nene, nyeusi, haina urembo wowote. "Pitisha kidole ukingoni. Unasikia ukingo ulivyopanda juu kidogo ya kioo?"

"Nasikia."

"Ikianguka kifudifudi pahali tambarare, ukingo ndio unaogonga kwanza."

Akachukua simu ya pili. "Hii waliwaambia ni ya chuma?"

"Chuma kitupu. Kaka alijivunia sana."

Kibano akakwangua ubavu wa simu kwa ncha ya kibano. Rangi ya fedha ikabanduka, na chini yake ikatokea plastiki ya kijivu. Mama Unga akainama kutazama.

"Wametupaka rangi," akasema.

"Plastiki si dhambi," Kibano akasema. "Plastiki nzuri inadunda pale kioo kinapopasuka. Ubaya ni plastiki nyepesi inayojifanya chuma. Hii ilipinda mfukoni mwako ukiinama, mgongo ukaachia, unga ukaingia. Pitisha ukucha hapa kwenye maungio."

Ukucha wa Mama Unga ukazama ndani.

"Ukucha ukiingia, unga umeshaingia zamani."

Ya tatu ilikuwa ile iliyomlaza mama sakafuni. Kibano akaimulika tundu la chaji, akachokoa. Kikatoka kitu cheupe, kigumu, mfano wa chokaa.

"Hiki ni nini?"

"Unga tu."

"Unga mkavu haugandi hivi. Umepata maji wapi?"

"Simu hii haijawahi kuona maji."

"Unaisafishaje?"

Mama Unga akaichukua, akaiweka mdomoni akapuliza kwa nguvu tundu la chaji, kama alivyofanya kila jioni, na kama alivyopuliza vyuma vyake vyote vya mashine. Kisha akaifuta kwa aproni. "Hivi. Halafu naifunga kwenye mfuko wa nailoni na mpira, vumbi lisiingie."

Kibano akachukua kioo chake cha kukuzia, akakipulizia. Kikafunikwa na ukungu. Akamwonyesha.

Mama Unga akautazama ule ukungu ukififia taratibu. Akaelewa, na moyo ukamuuma. Kila jioni alikuwa akikanda donge ndani ya simu kwa pumzi yake mwenyewe. Na nailoni ilikuwa ikilifungia joto na unyevu usitoke.

"Kwa hiyo ni mimi niliyemwacha mama sakafuni."

"Nusu ni wewe, sitakudanganya," Kibano akasema. "Nusu nyingine ni ya aliyekununulia simu isiyo na kinga yoyote ya vumbi huku akijua kazi yako."

Mama Unga akajifuta macho kwa kiganja. Unga ukamwachia mstari shavuni. "Nusu yangu naiacha leo," akasema. "Hiyo nusu nyingine, nifundishe nikamtazame mtu usoni."

Kibano akamfundisha mpaka chai ikapoa. Alimfundisha kugusa mgongo wa simu kwa shavu, maana kioo na chuma ni baridi, na plastiki hushika joto la mwili upesi. Alimfundisha kubonyeza katikati ya mgongo kwa kidole gumba. Ukibonyea na kulialia, kuna uwazi chini. Alimwambia afungue kitrei cha laini ya simu aangalie kama kimezungushiwa mpira mwembamba, kwa kuwa mtengenezaji aliyejali kuziba tundu dogo huenda amejali na mengine.

"Na usikubali neno 'haiingii vumbi' kwa mdomo," akamalizia. "Kwenye boksi au karatasi yake tafuta herufi mbili, I na P, halafu namba mbili. Ya kwanza ni ya vumbi. Sita ndiyo ya juu kabisa. Ya pili ni ya maji. Ukikuta X mahali pa namba, ujue hapo hawakudai kitu. Lakini kumbuka, hata hiyo sita si ya milele. Simu ikipasuka au ikifunguliwa ovyo, kinga imekwenda."

"Na kupuliza?"

"Mdomo wako uupumzishe. Izime, chukua brashi laini iliyo kavu."

Jumamosi Mama Unga akaingia duka la simu. Hakuvua aproni. Kaka yake alimfuata nyuma, akitazama huku na huku kama mtu aliyekuja na mgeni mwenye tope miguuni.

Muuzaji alikuwa kijana mwenye tabasamu lililofunguka lenyewe. Akaweka juu ya kaunta simu mbili za kampuni mbili zinazoshindana. "Hizi ndizo zinazogombaniwa mjini, mama. Hii ya kioo na chuma ni ya kifahari. Hii nyingine ni plastiki tu, ya watu wa kazi ngumu."

"Mimi ni mtu wa kazi ngumu," Mama Unga akasema. "Nipe zote mbili mkononi."

Akaiweka ya kwanza shavuni. Ilikuwa baridi kweli, mgongo na ubavu. "Hapa hukudanganya," akasema. Akapitisha kidole ukingoni, kioo kikawa cha kwanza kuguswa. Akapitisha ukucha, haukuingia. Akafungua kitrei cha laini, hakina mpira.

"Mama, utaichubua," muuzaji akasema, akinyoosha mkono.

Mama Unga akaivuta kwake. "Nikiichubua kwa ukucha, debe litaifanyaje? Lete boksi."

Kwenye boksi, namba ya vumbi ilikuwa X.

"Haiingii vumbi hii, mama, nakuhakikishia," muuzaji akasema.

"Vizuri. Niandikie hapo kwenye risiti, 'Haiingii vumbi,' uweke na sahihi yako."

Tabasamu likapungua. Watu wawili waliokuwa wakichagua kava wakageuka kutazama.

"Hatuandikagi hivyo."

"Kumbe mdomo unajua jambo ambalo mkono haulijui."

"Dada, twende, unatuaibisha," kaka akanong'ona.

Mama Unga akamgeukia. Hakupandisha sauti. "Mama alilala kwenye saruji kwa saa nne nzima kwa sababu ya simu zilizokupendeza wewe. Aibu ilikuwa siku ile. Leo ninanunua."

Kaka akainamisha kichwa, akaanza kusoma matangazo ya kava.

Mama Unga akaichukua ile ya plastiki. Ilikuwa nene, mgongo wake una vikwaruzo vya makusudi ili isiteleze. Ukingo umepanda juu ya kioo. Kitrei kina mpira mwekundu. Tundu la chaji lina kizibo chake. Alipobonyeza mgongo kwa kidole gumba, haukubonyea. Namba ya vumbi, sita. Bado hakutoa pesa. Alitia laini yake mwenyewe humo, akaiweka mfukoni mwa aproni, juu ya paja, akamwambia kaka yake aipigie. Alifumba macho. Paja likasikia.

"Hii," akasema. "Na yale niliyoyasoma kwenye boksi, hayo utayaandika kwenye risiti, maana yameshaandikwa."

Muuzaji akaandika.

Akirudi nyumbani alinunua brashi ndogo laini, akaitundika kwenye msumari kibandani. Kila jioni alizima simu, akapangusa, akapiga brashi, akaiwasha na kuwaza kidogo juu ya vyuma vya mashine, ambavyo viliendelea kupulizwa kwa mdomo kwa sababu havikulalamika. Mifuko ya nailoni aliwarudishia wateja. Wanawake waliokuja kusaga wakaanza kupitisha kucha kwenye simu zao wakisubiri zamu. Wengine walifurahi. Wengine walirudi nyumbani wakiwa na maneno ya kuwaambia waume zao.

Mwezi ukapita, ukapita wa pili. Mama alipiga simu kila siku, na kila siku mashine ilizimwa. Mara nyingine alitaka kugeuzwa. Mara nyingine alisema tu, akihema, "Nilikuwa naijaribu," akakata.

Asubuhi moja kaka alikuja kibandani mwenyewe, shati lake jeupe likisimama mbali na unga. Simu yake ya mgongo wa kioo ilikuwa imezungushiwa selotepu. Akatoa kidole kimoja, akakumbuka kuwa hakuleta mahindi, akakirudisha mfukoni.

Hapo paja la Mama Unga likatetema. Akazima mashine. Foleni ikanung'unika, mtu akasema ana haraka.

"Itasubiri," Mama Unga akasema, na akabonyeza kipaza sauti ili asiishike kwa mkono wenye unga. "Mama, umeanguka?"

"Sijaanguka." Sauti ilikuwa na pumzi nyingi. "Nimesimama. Nimeshika dirisha kwa mkono wa kulia, na mguu wa kushoto umekanyaga. Naona barabara."

Mama Unga akageuka kutazama upande wa nyumbani. Foleni yote ikasogea kusikiliza.

"Huyo kaka yako yuko hapo?" mama akauliza. "Nimemwona akipita."

"Yuko, mama. Anakusikia."

"Basi mwambie gunia limesimama lenyewe."