Mikono Mitatu ya Tangi la Pili

Jumamosi ile asubuhi, duka la kutoa nakala lililo mkabala na chuo lilifurika watu hata hewa ikawa ya kugawana. Wanafunzi wa shahada ya uzamili ya usimamizi wa biashara, watu wazima wenye ajira zao, walikuwa wakisukumana mbele ya mashine moja iliyotoa karatasi kwa kukohoa. Miongoni mwao alikuwamo karani wa kampuni ya usafirishaji, binti aliyevaa gauni refu la kijani na ushungi mweupe ulionyooshwa kwa pasi ukanyooka. Mbele yake alisimama mwanamume mwenye koti la kakhi, na koti hilo lilinukia sabuni mbichi.

"Samahani, bwana," binti alisema. "Tangi la kwanza lina mtu mmoja, la tatu lina mmoja. Hili la pili lina watatu. Kwa nini?"

Mwanamume aligeuka. "Umeisoma karatasi yangu ya zamu?"

"Imelala chali juu ya kaunta. Ulitaka nifumbe macho?"

"Wewe ni mkaguzi?"

"Mwanafunzi tu. Tunafundishwa kuhesabu."

"Basi, Msomi, hesabu na foleni. Wewe ni wa pili."

Tangu siku hiyo jina likamganda: Msomi. Naye akalipiza kwa kumwita Bwana Zamu, kwa kuwa kazi yake ilikuwa kusimamia zamu ya asubuhi katika kiwanda cha sabuni. Haukupita mwezi, wakawa hawawezi kula chakula cha mchana pasi na kupigiana simu.

"Leo mmefundishwa nini, mpenzi?"

"Masoko. Namna ya kumfanya mtu atamani kitu asichokihitaji."

"Hilo ulilijua kabla ya chuo. Mimi nilikuwa simhitaji mtu."

"Mwongo wee! Wiki ijayo tunaingia tabia za watu kazini. Kwa nini watu hufanya yale wasiyoagizwa."

Bwana Zamu alisogea pembeni na simu yake. Nyuma yake ulisikika mngurumo wa mitambo, mzito, usiokata pumzi.

"Uliniuliza juu ya tangi la pili," alisema, na sauti ikashuka. "Anayelitumikia ni mjomba wangu, aliyenilea. Macho yake yamekwisha, Msomi. Mwaka wa pili huu haoni kipimo. Vijana wawili humsaidia: mmoja huzisoma namba za kipimo kwa kuimba, mwingine husimama ukingoni mwa jukwaa asije akateleza. Yeye hufungua na kufunga koki ya magadi tu. Amebakiza miezi minne astaafu kwa heshima. Nakuomba, habari ya macho yake usimwambie mtu."

"Sitamwambia mtu."

Siku moja mchana Bwana Zamu akamchukua Msomi kwenda kuona. Msomi alisimama chini ya jukwaa la chuma, akasikia joto likimpanda usoni. Juu kabisa mzee mmoja aliushika usukani wa koki, na kijana kando yake akiimba, "Arubaini na mbili, baba, arubaini na tano, inakuja, inakuja…" Ndani ya tangi mafuta yalikuwa yakifukuta, na magadi yaliyoyashukia yalikuwa ya kuunguza ngozi hadi mfupa.

Mzee aliposhushwa, Msomi alimwamkia. "Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Ndiwe unayemfanya huyu ajipulize manukato kuja kuchemsha mafuta?"

Walicheka wote. Hata hivyo Msomi aliondoka pale na ubaridi ndani ya kifua, asijue umetoka wapi mahali penye moto kiasi kile.

Wiki ile ile mhadhiri wa somo la uzalishaji akawapa kazi: kila mmoja achague sehemu moja ya kazi anayoijua, ahesabu mikono na hatua, aonyeshe mkono upi umezidi. Msomi aliandika habari za tangi la pili. Jina la kiwanda alilibadilisha. Akapima hatua, akachora mchoro, akaeleza kwamba kazi ya mkono mmoja inafanywa kwa mikono ya watu watatu. Alipofika kwenye sababu, aliikumbuka ahadi yake. Akauacha mstari ule mtupu, akasonga mbele. Aliona ameitunza amana.

Akapata alama tisini na nne.

"Kazi safi sana," mhadhiri alimwambia mlangoni. "Nina rafiki ni meneja wa kiwanda cha sabuni. Waniruhusu nimwonyeshe?"

Ulimi wa Msomi ulitaka kuuliza ni kiwanda kipi. Lakini wenzake walikuwa wakimtazama, na sifa ni tamu. "Naam, mwalimu," akajibu.

Siku kumi zilipita. Jumanne alasiri simu ikalia.

"Msomi." Sauti ya Bwana Zamu ilikuwa kavu. "Wamewahamisha wale vijana wawili. Wanasema tangi la pili lina mikono ya ziada, wameonyeshwa hata mchoro. Kesho saa mbili asubuhi mjomba atakuwa peke yake juu."

Msomi aliushika ukingo wa meza. "Wewe si utakuwapo?"

"Wamenipeleka bohari, upande wa pili. Nimemsihi mjomba ajifanye mgonjwa, amekataa. Anasema mikono yake inaijua koki ile kuliko macho ya watu. Nikiwaambia wakubwa, wanamfukuza. Nisipowaambia…"

"Bwana Zamu, sikiliza. Mchoro ule ni wangu."

"Wako?"

"Niliuandika kwa ajili ya darasa. Sikuyataja macho yake, kwa kuwa nilikuahidi."

"Ukazitaja hatua zetu. Ukawataja wale vijana." Alivuta pumzi. "Niambie kweli. Ulikuwa unanipenda, au ulikuwa unanifanyia utafiti?"

"Mpenzi—"

Simu ikakatwa. Alipopiga tena, iliita hadi ikachoka.

Kesho yake, saa mbili kasoro dakika kumi, Msomi alikuwa mbele ya meza ya meneja, ushungi umekaa upande. Juu ya meza ile alikiona alichokiandika, kimepigiwa mistari myekundu kwa mkono wa mtu mwingine.

"Warudishe wale wawili sasa hivi," alisema bila ya salamu. "Si mikono ya ziada. Ni macho ya mtu. Mzee wa tangi la pili haoni."

"Mbona hukuliandika hili?"

"Niliahidi kulificha. Nimekosa. Muda unakwenda, bwana!"

Meneja akainua simu ya karakana. Ikalia, ikalia, isipate wa kuisikia katika ule mngurumo. Msomi hakungoja. Alitimua mbio uani, akaingia karakana, akapanda ngazi ya chuma gauni likimkwaza miguu.

Mzee alikuwa peke yake juu, ameinamisha sikio, mkono juu ya koki, mguu mmoja nusu yake ukining'inia nje ya jukwaa. Koki ilikuwa wazi. Kipimo kilikuwa kimekaribia mstari mwekundu wa hatari, na uso wa mafuta tangini ulikuwa umeanza kuvimba.

Kumshika ghafla kungemwangusha. Kumpigia kelele kungemshtua. Basi Msomi akaimba kama alivyomsikia yule kijana: "Themanini na nane, mjomba… themanini na tisa… sogea ndani kidogo, tisini… funga, baba, funga…"

Mkono wa mzee ulisita. Kisha ukazungusha, mara moja, mara mbili, mara tatu. Mguu ukarudi ndani. Povu lilipanda hadi ukingoni, likasimama, likaanza kushuka polepole.

"Sauti hii si ya vijana wangu," mzee alinong'ona.

Saa sita mchana Msomi alikuwa bado nje ya lango. Kazini kwake hakwenda, wala hakupiga simu. Mara wakatoka wawili: mzee, aliyestaafishwa siku ile ile, na mpwa wake, aliyefukuzwa kwa kuficha jambo la hatari. Bwana Zamu alikuwa amekunja koti la kakhi kwapani. Alimwona Msomi, akatazama pembeni.

"Yupo?" mzee aliuliza.

"Yupo."

"Nilijua kwamba vijana wangu wanajua sioni," mzee alisema, kana kwamba anaendeleza mazungumzo ya zamani. "Wao wakajifanya hawajui, mimi nikajifanya naona. Karibu tuchemke sote." Akanyoosha mkono kuelekea alikodhani binti amesimama. Mkono ukaenda kando, ukaelekea penye hewa tupu.

Hakuna aliyemrekebisha. Msomi alisogea hatua mbili, akasimama pale mkono ulipoelekea, akaupokea kwa mikono yote miwili.

Bwana Zamu aliyaona hayo. Akalihamishia koti kwapa la pili.

"Sina kazi, Msomi," alisema hatimaye. "Na moyo wangu haujapoa. Sitakudanganya kwamba umepoa."

"Nitasubiri."

"Usisubiri hapa juani." Alimshika mzee bega. "Mwambie baba yako kwamba Ijumaa ana wageni. Mjomba ndiye atakayeleta posa, mimi nitamwongoza njia. Na wewe mwambie kabla hatujafika, yote, usiache mstari."

Ngurumo ya mitambo iliendelea nyuma ya ukuta. Msomi akafungua kinywa ajibu, machozi yakamtangulia.